Trela la safari: tangazo dola 31,995, karatasi dola 40,448. Hizi ada zote ni za nani?

nesi_wa_katy ameuliza:

Habari za humu ndani wapendwa. Naomba mwenye uzoefu wa kununua trela la safari hapa Marekani anisaidie kusoma karatasi moja. Nimeigeuza mbele na nyuma na bado sielewi hela inaenda wapi.

Mimi ni nesi, nyumbani ni Katy, nje kidogo ya Houston, na nachukua kandarasi za kuhamahama za wiki 13. Kila kandarasi ni kuanza upya kutafuta pa kulala. Ama ulipe hoteli, ama upange chumba kwa mtu usiyemjua, na ile miji ya mafuta huko magharibi mwa Texas kazi zikishamiri vyumba havipatikani kabisa. Mimi na baba watoto tukaona bora tununue trela, lile lenye kitanda, jiko, choo na bafu ndani. Yeye analivuta na pikapu hadi kwenye kambi ya matrela karibu na hospitali, tunaunganisha maji na umeme, anarudi kwa watoto. Kandarasi ikiisha narudi nyumbani kwangu.

Tumelipenda moja jipya la futi 24. Kwenye tangazo wameandika dola 31,995, na juu yake bei ya kiwanda dola 41,870 imepigwa mstari mwekundu. Tukaenda yadi. Kijana aliyetupokea ana adabu zake, katupa maji baridi, kisha swali lake la kwanza kabisa likawa: kwa mwezi mnaweza kulipa ngapi? Nikasema tusivuke mia nne. Akaenda kwa meneja, akarudi na karatasi yenye miraba minne, mraba mmoja kaandika kwa kalamu nene: 370. Akatupongeza kwamba tuko chini ya bajeti.

Nikamwomba mchanganuo uliochapishwa. Haukuja upesi, lakini umekuja:

Bei ya trela: 31,995
Usafirishaji kutoka kiwandani: 2,150
Maandalizi na ukaguzi: 1,295
Kifurushi cha kuanzia: 599
Kinga ya rangi na vitambaa: 1,495
Nitrojeni ya tairi: 199
Ada ya makaratasi: 225
Kodi ya mauzo: 2,358.31
Hati na usajili: 132
Jumla: dola 40,448.31

Kianzio chetu 5,000, riba asilimia 9.49 kwa mwaka, miezi 180. Wanataka arubuni ya dola 500 ili wasimuuzie mwingine mwishoni mwa wiki.

Maswali yangu: ipi hapo ni ya serikali na ipi ni yao? Ipi naweza kuikataa? Baba watoto anasema hapa si Kariakoo, bei ikishachapishwa imechapishwa, tusijidhalilishe. Ni kweli?

---

kaka_wa_denton amejibu:

Dada, umefanya jambo la maana kudai mchanganuo, wateja wengi huondoka na ile 370 tu kichwani. Nilifanya kazi ofisi ya fedha ya yadi ya matrela kaskazini mwa Dallas kwa miaka, karatasi kama hiyo ndiyo ilikuwa mezani kwangu kila siku. Nitakupitisha mstari kwa mstari, lakini sitafuata mpangilio wao, maana mpangilio wenyewe una kazi yake. Vitu vya yadi vimechanganywa na vya serikali ili vyote vionekane ni vya lazima.

Vya serikali ni viwili tu. Kodi ya Texas kwa trela la safari ni ile ile ya magari, asilimia 6.25, hiyo hakuna meneja wa kuipunguza. Lakini angalia inakokotolewa juu ya nini: wameipiga juu ya 37,733, yaani trela pamoja na kila kitu walichoongeza. Kila dola elfu unayoifuta hapo juu inaondoka na dola 62.50 za kodi. Na kama mna gari au trela la zamani la kuwaachia, hapa Texas thamani yake hutolewa kwanza kabla ya kodi kupigwa. Cha pili ni hati na usajili. Hati yenyewe ya umiliki Texas ni dola 28 au 33 kutegemea kaunti, kinachobaki ni namba na usajili. Waambie waitenganishe hiyo 132, ni haki yako kuona.

Ada ya makaratasi, dola 225, imekaa jirani na serikali lakini ni ya yadi. Majimbo yanatofautiana sana hapa. California sheria imeiwekea kikomo cha dola 85, Florida haina kikomo, na huko unaweza kukuta karibu elfu moja. Usipoteze nguvu kutaka wakufutie. Yadi hutoza kila mteja kiasi kilekile, ikikufutia wewe inajitafutia maswali, kwa hiyo watakataa na mazungumzo yatakwama hapo. Ichukulie kama sehemu ya bei, kisha dai bei ya trela ishuke kwa kiasi hicho. Kwao ni rahisi zaidi, kwako hela ni ileile.

Usafirishaji, dola 2,150. Gari dogo jipya hapa Marekani lazima libandikwe kioo chake karatasi inayoonyesha bei ya kiwanda na nauli, ni sheria ya mwaka 1958. Sheria hiyo haigusi matrela ya safari. Ndiyo maana yadi moja inatangaza bei ikiwa na nauli ndani, nyingine inatangaza bila nauli kisha inaiongeza ukishakaa kwenye kiti. Wewe na mimi tumezoea kuagiza gari Japani, tunajua kabisa huwezi kulinganisha bei ya FOB (bila nauli ya meli) ya huyu na bei ya CIF (nauli na bima ndani) ya yule ukasema huyu ni nafuu. Hapa ni hivyo hivyo. Tangazo la 31,995 bila nauli si nafuu kuliko la 33,500 lenye nauli na maandalizi ndani.

Maandalizi, dola 1,295. Kazi yenyewe ipo, sitaki kumdharau fundi. Anapima gesi kama inavuja, anajaza maji mabomba, anawasha friji na kipoza hewa, anatoa na kurudisha ule upande wa chumba unaosogea nje, anaangalia gundi za paa. Lakini yadi inayouza trela jipya haiwezi kukukabidhi trela ambalo halijakaguliwa. Hiyo ni gharama ya kuendesha duka, kama umeme wao na mshahara wa mlinzi, na ilitakiwa iwe ndani ya bei. Hapa pana nafasi kubwa ya kubana.

Kifurushi cha kuanzia ni bomba la maji safi, bomba la majitaka, kile kidude cha shaba cha kupunguza msukumo wa maji, adapta ya umeme na dawa ya choo. Nenda Walmart na orodha, chagua bomba zuri wewe mwenyewe, bado utarudi na chenji. Ila uliza kwanza kama betri imo kwenye bei ya trela au imo kwenye hicho kifurushi, maana trela jipya mara nyingi linatoka kiwandani bila betri, na hicho ndicho kitu pekee pale chenye thamani ya kugombania.

Kinga ya rangi na vitambaa ifute. Nitrojeni ifute. Hewa unayovuta sasa hivi karibu asilimia 78 ni nitrojeni.

Sasa njoo kwenye mraba wa 370, kwa sababu hela kubwa imelala huko na hakuna mstari wowote unaoionyesha. Zidisha 370 kwa 180. Ni dola 66,600, ongeza na kianzio 5,000. Trela la tangazo la 31,995 limefika zaidi ya 71,000. Riba ya 9.49 waliyokupa si lazima iwe ndiyo riba ambayo benki imetoa. Benki huiambia yadi, huyu mteja tunamkopesha kwa kiasi hiki, kisha yadi inaruhusiwa kuongeza kidogo juu na faida hiyo inagawanwa. Ni cha juu halali kabisa, na mteja haonyeshwi. Ukipata 7.99 kwenye krediti yunioni, yaani chama cha akiba na mikopo, kwa mkopo huohuo wa 35,448 na miezi ileile 180, malipo yanakuwa kama 339. Dola 31 kwa mwezi zinaonekana ndogo, lakini kwa miaka 15 ni karibu 5,600.

Ndiyo maana swali lake la kwanza lilikuwa la mwezi. Ukishasema mia nne, kazi yake ni kukufikisha chini ya mia nne kwa kurefusha miezi, na kila kitu kinachoingia katikati hakiumi. Kinga ya vitambaa ya 1,495 kwa miezi 180 ni kama dola 16 kwa mwezi. Nani atagombana kwa dola 16?

Kuhusu kujidhalilisha. Mwambie shemeji kwa heshima zote kwamba matrela hapa hayauzwi kwa bei ya kiwanda. Kutoka 41,870 hadi 31,995 ni punguzo la karibu asilimia 24, na kwa biashara hii hilo ni punguzo la kawaida. Ule mstari mwekundu hauna ukarimu ndani yake. Yadi yenyewe haimiliki hayo matrela kwa hela taslimu. Imekopa ili yakae pale, na kila mwezi trela linapokaa bila kuuzwa riba inailia. Kwa hiyo angalia limekaa muda gani. Namba ya chesisi ina herufi na tarakimu 17, ile ya kumi kutoka kushoto ni mwaka wa modeli: R ni 2024, S ni 2025, T ni 2026. Kama modeli mpya zimeshafika na hili lako ni la mwaka uliopita, wewe ndiye mwenye nguvu mezani.

Usitoe arubuni leo. Waandikie barua pepe, isiwe simu, kwa maneno machache: nataka trela lenye namba fulani, nipeni bei ya mwisho, kila kitu ndani pamoja na kodi na usajili wa kaunti yangu, bila nyongeza yoyote nisiyoiomba, nitaleta mkopo wangu mwenyewe. Peleka barua hiyohiyo kwa yadi tatu au nne zenye modeli hiyo, hata zile za mbali. Wakikupigia simu badala ya kuandika, waambie unasubiri maandishi.

Swali langu moja: umesema unarudi nyumbani kandarasi ikiisha. Hilo ni muhimu kuliko unavyodhani, nijibu nitaeleza.

---

dereva_goshen amejibu:

Dada nesi, salaam kutoka Indiana. Mimi ni Mkenya, kazi yangu ni kuyavuta hayo matrela mapya kutoka viwandani huku mpaka kwa yadi, kwa pikapu yangu mwenyewe. Sehemu kubwa ya matrela ya Marekani yanaundwa huku kwetu, Elkhart, Goshen, Middlebury na vijiji vya pembeni. Asubuhi ukipita barabara za huku utakutana na Waamishi, wale Wakristo wasioendesha magari, kwa baiskeli wakienda kiwandani.

Nauli ni kitu cha kweli. Tunalipwa kwa maili, na kutoka huku mpaka Dallas ni karibu maili 1,000. Lakini nauli hiyo yadi inailipa mara moja, iko kwenye hesabu yake ya kununulia. Kaka wa Denton amesema vizuri. Swali si kama nauli ipo, swali ni kama imeshaingia kwenye 31,995 au la. Waulize hivyo hivyo, wakujibu kwa maandishi.

Nitaongeza jambo ambalo sijaliona kwenye karatasi yako, na naogopa litakuja dakika ya mwisho. Hakuna chuma cha kugawanya uzito kati ya pikapu na trela, na hakuna kidhibiti cha breki za trela. Trela la futi 24 huwezi kuliweka juu ya lile tufe la chuma la kuvutia trela peke yake ukaingia barabara kuu ya I-10 na upepo wa malori. Siku ya kuchukua, mtu wa sehemu ya vipuri atamwambia baba watoto kwamba trela haliwezi kutoka bila hicho chuma, naye amesimama pale na pikapu, watoto wamechoka, atalipa chochote atakachoambiwa. Ulizeni bei yake sasa hivi, kisha linganisheni na bei za mtandaoni kwa chuma hichohicho pamoja na kukifunga.

Na kabla ya hapo mfungue mlango wa dereva wa pikapu. Kuna stika inayosema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani. Sema ni pauni 1,520. Trela lenye uzani wa juu wa pauni 7,000 linakalia pikapu kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, tuseme 900. Inabaki 620. Toa baba watoto, wewe, masanduku, kibaridi cha chakula, na hicho chuma chenyewe ambacho si chepesi. Mtu wa mauzo atakuambia pikapu hii inavuta pauni elfu kumi. Kuvuta ni habari moja, kubeba ni habari nyingine, na mara nyingi kubeba ndiko kunakoisha kwanza. Ikiwa stika haitoshi, punguzo lolote la hilo trela halitawafaa, kwa sababu kitakachofuata ni kununua pikapu.

Nimeona familia zikisimama kando ya barabara, trela limeyumba mpaka limelala ubavu. Tafadhalini pimeni kwanza.

---

nesi_wa_katy amejibu:

Asanteni sana kaka zangu. Baba watoto ametoka sasa hivi na tochi kusoma stika ya mlango. Inasema 1,684. Kwa hesabu ya kaka dereva tunapita, ila si kwa nafasi kubwa, kwa hiyo masanduku mazito tutayapanga ndani ya trela juu ya ekseli. Hicho chuma nimewapigia kuuliza: dola 1,149 pamoja na kufunga, na kweli hakikuwa kwenye karatasi.

Kaka wa Denton, ndiyo, nyumbani kwangu ni Katy. Nyumba ipo, watoto wapo na mama mkwe. Trela ni la kandarasi tu. Kwa nini umeuliza?

Na lingine, kijana wa yadi ameniambia nikileta mkopo wa nje hawezi kunihakikishia ile bei ya tangazo. Anaruhusiwa?

---

kaka_wa_denton amejibu:

Nimeuliza kwa sababu mtu anayeishi ndani ya trela moja kwa moja ana masharti tofauti. Waranti nyingi za viwanda zina kifungu kinachoondoa matumizi ya makazi ya kudumu. Benki nyingi hazikopeshi trela la kuishi mwaka mzima, na bima yake ni aina nyingine. Kwenye fomu watakuuliza, jibu kweli: una nyumba, hili ni la kazi za muda. Na soma kile kijitabu cha waranti kabla ya kusaini, hasa sehemu ya matumizi ya kibiashara na makazi. Kama hupati kijitabu pale yadi, kiwanda huwa nacho kwenye tovuti yake. Kwa kuwa lina kitanda, jiko na choo, sheria ya kodi ya shirikisho inaweza kulihesabu kama nyumba ya pili kwa riba ya mkopo, lakini hilo ni kwa wanaoorodhesha makato yao, muulize anayekuandalia kodi.

Bei ya tangazo. Tafuta maandishi madogo chini ya lile tangazo. Yadi nyingine huandika kwamba bei hiyo ni kwa anayechukua mkopo kupitia kwao, ndipo utakapojua 31,995 ilikuwa bei ya nani. Ikiwa hakuna maandishi hayo, mtumie picha ya tangazo na umuulize ni wapi pameandikwa. Ikiwa yapo, usikasirike, piga hesabu tu. Mwambie yadi ikikupa riba sawa na ya krediti yunioni au chini yake utachukua ya kwao. Mara nyingi riba hushuka palepale, kwa sababu ile ya kwanza haikuwa ya mwisho.

Siku ya kusaini utaingizwa kwenye chumba kidogo kwa mtu mwingine kabisa, mpole kuliko kijana wa mauzo. Nilikaa kwenye kiti hicho. Kazi yake pale ni kuuza vitu vitatu: waranti ya nyongeza, bima ya kulipa tofauti trela likiharibika kabisa huku deni likizidi thamani yake, na kinga ya tairi na rimu. Si vyote vibaya. Ile bima ya tofauti ina maana kwa trela, kwa sababu linashuka thamani haraka kuliko deni la miaka 15 linavyoshuka. Lakini uliza bei yake kwa bima yako ya gari kwanza, au krediti yunioni. Waranti ya nyongeza bei yake haijachongwa kwenye jiwe, inapatanwa kama trela lenyewe, na ukiinunua kisha ukajuta, nyingi huruhusu kufutwa na kurudishiwa kiasi kilichobaki, hela inaenda kwenye mkopo wako.

Hapo chumbani atakusogezea mkataba. Sheria ya mwaka 1968 ya ukweli katika mikopo inamlazimu akuonyeshe visanduku: riba ya mwaka, gharama yote ya mkopo kwa dola, kiasi ulichokopeshwa, na jumla ya malipo yote. Kabla hujasoma kingine chochote, chukua bei ya mwisho ya kwenye barua pepe, toa kianzio, kisha ulinganishe na kisanduku cha kiasi ulichokopeshwa. Zisipolingana kwa zaidi ya senti, kuna kitu kimeingizwa. Muulize ni nini na ungoje jibu, hata kama kuna mteja mwingine nje.

Na usidanganywe na mtu atakayekuambia una siku tatu za kurudisha. Ile kanuni ya siku tatu ni ya mauzo ya nyumba kwa nyumba na mfano wake. Trela ulilosaini pale yadi ni lako.

---

mstaafu_tacoma amejibu:

Mwanangu, mimi na mama yenu tunazunguka na trela tangu nilipostaafu. Hesabu za bei wamekumalizia, mimi nasema jambo la ukaguzi.

Usikabidhi hela ya mwisho kabla hujalikagua trela likiwa na maji, gesi na umeme. Weka sharti hilo kwenye barua pepe ya bei. Kuna wakaguzi huru wenye vyeti vya chama chao, NRVIA, wanalipwa mamia kadhaa ya dola au zaidi, na kwa trela la bei hiyo si hela iliyopotea. Kama huwezi, nenda mwenyewe asubuhi, vaa viatu vya kupanda ngazi. Panda juu ya paa uangalie gundi kuzunguka kila tundu. Ingia ndani, fungua kila kabati na upitishe mkono chini ya sinki wakati maji yanatiririka. Washa friji kwa gesi, isiwe kwa umeme tu. Lala kitandani, kisha uone kama mlango wa choo unafunguka ule upande wa chumba unaosogea ukiwa umerudishwa ndani, maana barabarani utahitaji choo.

Tairi nazo. Ubavuni kuna neno DOT na mwisho wake tarakimu nne. 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Angalia zote, na ile ya akiba.

Kila ulichokiona kiandike kwenye karatasi, meneja asaini kwamba kitatengenezwa kabla hujaondoka. Ukishaliburuta nje ya geti, foleni ya mafundi ni ya wiki nyingi, na yadi ambayo hukununua kwao haina haraka na wewe. Hilo ndilo sababu pekee ambayo mimi ningelipa kidogo zaidi kwa yadi ya karibu. Ila ninyi wa Texas mna bahati moja: sheria yenu ya magari mabovu inayagusa matrela ya safari mapya, majimbo mengi hayayagusi. Tunza kila karatasi ya matengenezo.

---

nesi_wa_katy amejibu:

Wapendwa, narudi na majibu.

Niliandika barua pepe kama kaka wa Denton alivyoelekeza, kwa yadi nne. Moja ilipiga simu tu, haikuandika. Moja ya Oklahoma ilijibu vizuri lakini baba watoto hakutaka umbali ule, hasa baada ya maneno ya mzee wetu wa Tacoma. Yadi ileile ya kwanza, baada ya kuona barua ya Oklahoma, imeandika hivi: trela, usafirishaji na maandalizi kwa pamoja 32,400. Makaratasi 225. Kodi 2,025. Hati na usajili 132. Jumla 34,782. Betri imo, nimewafanya waandike. Kinga, nitrojeni na kifurushi havipo. Chuma cha kugawanya uzito tumenunua kwingine, fundi wa mtaani ataturekebishia, na kidhibiti cha breki pikapu ilikuja nacho.

Tofauti na karatasi ya kwanza ni dola 5,666. Kijana hakukasirika wala hakunikodolea macho. Baba watoto amesoma barua ile mara mbili, akasema basi ni Kariakoo.

Krediti yunioni ya hospitali imenikubalia 7.99. Kwa miezi 180 ni 284 kwa mwezi. Wamenionyesha pia miezi 120, ni 361. Nimeipenda hiyo, kwa sababu iko chini ya ile 370 niliyopongezwa nayo, na inaisha miaka mitano mapema.

Swali la mwisho kwa kaka wa Denton: hati itakuja kwa jina la nani wakati deni lipo, na namba atakazonipa yadi zinatosha kulivuta hadi Odessa? Kandarasi inaanza tarehe moja.

---

kaka_wa_denton amejibu:

Hongera dada, na chukua hiyo ya miezi 120. Uliza tu kama ukilipa mapema kuna faini, krediti yunioni nyingi hazina.

Hati inatoka kwa majina yenu, krediti yunioni inaandikwa humo kama mwenye dhamana mpaka deni liishe. Zile namba za muda za karatasi Texas iliziondoa Julai 2025, sasa yadi inakupa namba za chuma siku ya kuuza, na hizo zinatosha kuvuka Texas, hakikisheni zimefungwa kabla hamjaondoka. Bima iwe imeanza siku hiyohiyo, krediti yunioni itaidai kabla ya kutoa hela, na jina lao liandikwe kwenye bima kama mkopeshaji. Wapigie bima leo uwape namba ya chesisi, usingoje siku ya kuchukua.